Mashine Iliandika Jina la Rafiki Yangu, Lakini Kompyuta Ilikuwa ya Mchumba Wangu

Admin, nakuomba unifichie jina. Wakinitambua kwa kisa chenyewe, basi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na saba, naishi Kambarage hapa Shinyanga, nina mke na watoto watatu. Nyumbani kwetu hatugombani. Lakini kuna jambo sijawahi kumuuliza mke wangu tangu kabla hatujaoana, na sasa limenifuata mpaka sebuleni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya mizigo kwenye bandari kavu ya Isaka. Mizigo ilishuka kutoka kwenye treni, tukaiingiza kwenye programu, kibali kikikamilika tunautoa mzigo na lori linaondoka. Walioingiza taarifa walikuwa wawili tu. Mmoja ni Masanja, siyo jina lake, rafiki yangu wa kula naye sahani moja. Mwingine ni dada ambaye nilikuwa nimeshapeleka posa kwao Rwamgasa, kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Huyo ndiye Mama Neema, mke wangu wa leo.

Mizigo mingine ikaanza kutoka kwa njia zisizoeleweka, bosi akaniambia nitafute njia ya kujua nani anafanya nini. Kulikuwa na programu za bure, zile ambazo waliozitengeneza wameziacha wazi, fundi yeyote anaweza kuzisoma ndani na kuzibadilisha apendavyo. Nilizipata kwenye CD ya jamaa mmoja wa Mwanza, nikaziweka kwenye kompyuta chakavu kwenye kona ya ofisi. Kila tukio kwenye programu ya mizigo, mtu akiingia, akitoa mzigo, akifuta, lilitumwa kwenye mashine ile na kuhifadhiwa: jina, saa, na namba ya kompyuta iliyotumika. Na mzigo ukitolewa kabla kibali hakijakamilika, mashine ilipiga kengele na kuchapa karatasi papo hapo. Kanuni hizo niliziandika mwenyewe kwa wiki tatu, nikajiona na mimi mtu.

Siku moja mchana mimi na Masanja tulikwenda kula kwa mama lishe ng'ambo ya reli. Mchumba wangu alibaki ofisini, alizoea kuja na chakula chake. Tuliporudi, karatasi ilikuwa inaning'inia kwenye printa. Kontena la vipuri vya mitambo ya mgodini, la kwenda Geita, limetolewa bila kibali saa saba na dakika kumi na mbili. Jina, Masanja. Kompyuta, namba tatu.

Masanja alitumia namba mbili. Namba tatu ilikuwa ya mchumba wangu. Na saa saba na dakika kumi na mbili Masanja alikuwa mbele yangu anachambua miiba ya sato.

Mchumba wangu alikuwa anasuuza bakuli lake. Nikamuuliza kama alisikia kengele, akasema alikuwa ametoka nje kidogo. Sikuuliza zaidi. Lori lilikuwa limeshapita getini, na Geita halikufika.

Bosi akataka taarifa. Nilikaa kwenye mashine ile nikaandaa ukurasa wenye jina na saa, safu ya namba ya kompyuta nikaiondoa. Masanja akajitetea kwamba muda ule alikuwa anakula na mimi. Bosi akanigeukia. Nikasema ni kweli tulikula pamoja, ila mwenzangu alinyanyuka mapema, saa sikuangalia.

"Hiyo mashine yako inaweza kukosea?" bosi akaniuliza.

"Haikosei, mzee."

 Masanja alinitazama, akavua kitambulisho chake akakiweka mezani, akatoka. Kabla sijaondoka siku hiyo nilifuta matukio yote ya mchana ule.

Mwaka uliofuata tukaoana. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliyekuwa akichimba Rwamgasa na kulala kwenye turubai, ghafla akawa na karasha, ule mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu. Watu walisema amepata mwamba wenye dhahabu. Inawezekana, dhahabu humtokea yeyote. Nilijiambia hivyo kila alipokuja kutusalimia. Halafu siku moja tunakunja nguo, mke wangu akasema tu kwamba Masanja alikuwa mzembe, neno lake la siri alilibandika chini ya kibodi. Hakuna aliyekuwa amemtaja Masanja. Nikaendelea kukunja shati. Tangu hapo akichelewa sokoni nahesabu dakika, simu yake ikiita natega sikio, na sijui hata natafuta nini.

Wiki iliyopita asubuhi Masanja akaja kwangu. Amezeeka kuliko mimi, macho yamefifia, anatembea na fimbo. "Mwangaluka, Baba Neema," akasalimia kwa Kisukuma chetu, nikamkaribisha. Mke wangu alituletea chai akarudi jikoni. Masanja akaniambia hataki kesi wala fidia. Wanawe walikua wakiitwa watoto wa mwizi, na sasa amewaita wote waje kwake Jumapili.

"Nataka uje ukae mbele yao," akasema. "Mashine yako ilisema ni mimi. Wewe unajua nilikuwa wapi. Waambie tu hilo."

Nikamwambia nitakuja. Alipoondoka mke wangu akauliza alikuwa anataka nini. Nikasema alipita kusalimia. Akakusanya vikombe, akasema taratibu, "Ya Isaka yaacheni huko huko, Baba Neema." Mimi Isaka sikuitaja.

Ndugu zangu, leo ni Alhamisi. Nikisema ukweli, wanawe wataniuliza kama siyo baba yao ni nani, na mimi kompyuta iliyotumika najua ni ya nani. Nisipokwenda, mtu huyu atakufa na jina la mwizi nililompa mimi. Na mke wangu, nimuulize kwanza baada ya miaka yote hii, au niende nikaseme bila kumuuliza? Aliyewahi kufikwa na jambo kama hili anielekeze, nashika njia ipi?