Njia ya Ng'ombe Nyuma ya Stesheni

Matonya alizaliwa katika kijiji cha Zuzu, karibu na Dodoma, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka reli ilipofika. Alibeba udongo wa tuta miezi mingi pamoja na watu wa pwani na Wanyamwezi, na humo ndimo alimojifunza Kiswahili. Reli iliposonga mbele kuelekea Tabora, wenzake wengi waliifuata. Yeye alibaki Dodoma, kwa sababu Akida Abbasi, mtu wa Bagamoyo aliyewekwa na Wadachi kusimamia mji, alikuwa amesikia sauti yake. Akida alimpa debe tupu la mafuta ya taa na kijiti, akamwambia kazi yake itakuwa kutangaza amri.

Kazi yenyewe haikumpatia marafiki. Watu wakisikia debe walijua kuna jambo limekatazwa: kutupa taka njiani, kuchoma nyasi karibu na reli, kuchinja uani. Matonya alitangaza kwa Kiswahili mjini, kisha kwa Kigogo kwa wafugaji wa Kikuyu, kitongoji cha pembeni mwa mji, halafu akarudi nyumbani kula. Hakuwahi kujiuliza amri zinatoka wapi.

Kiangazi kimoja, Mwantum, mke wa fundi reli mmoja kutoka Kondoa, alipeleka shauri barazani. Matonya alikuwa amekaa mlangoni na debe lake, akasikia yote.

"Shikamoo, Bwana Akida," alisema Mwantum. "Ng'ombe wanapita uani kwangu asubuhi na jioni wakienda kisimani. Juzi wamekanyaga uwele nilioanika. Jana wamevunja mtungi na kuangusha kona ya ukuta. Mtoto wangu alikuwa amelala nyuma ya ukuta huo."

Majirani wanne walisema hayo hayo. Akida aliandika, akapeleka bomani kwa Wadachi, na baada ya siku chache karatasi ikarudi ikiwa na muhuri. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wasionekane tena katika njia za mji. Mnyama atakayeonekana atakamatwa, na mwenyewe atafanya kazi ya boma siku kumi.

Matonya aliitangaza. Alipofika Kikuyu alimkuta shemeji yake, Ndahani, ndugu wa mkewe, akikama.

"Mbukwa, shemeji," alimsalimu kwa Kigogo, kisha akaisema amri kama alivyofundishwa.

Ndahani alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukama. "Umetuambia tusipite," alisema. "Hujatuambia tupite wapi. Kisima kiko ng'ambo ya mji."

Matonya aliinua debe lake. Alirudi mjini, likiwa begani.

Siku ya pili Ndahani alijaribu kupitisha ng'ombe wake alfajiri kabla mji haujaamka. Askari walimkamata, wakafungia mtamba wake mmoja katika zizi la boma, naye akaanza kuvunja mawe. Usiku ule mke wa Matonya alimwekea mumewe chakula, akaenda kulala. Matonya angefurahi zaidi kama angemgombeza.

Kesho yake alikwenda kwa Mwantum. Alimkuta akipepeta uwele.

"Kaka, mimi nilipeleka shauri langu, likasikilizwa," alisema Mwantum kabla hajaulizwa. "Sikuomba mtu afungwe."

"Najua, dada. Nimekuja kukuomba tutembee kidogo. Tutazame kama iko njia nyingine. Nikisema peke yangu wataniambia ninamtetea shemeji yangu."

Mwantum alimaliza kupepeta. Kisha akamkabidhi jirani ungo na mtoto, akajitanda kanga yake.

Walizunguka mji kwa upande wa mashariki, jua likiwa kali. Njia ya kwanza iliishia kwenye mashamba ya watu. Ya pili ilipita karibu mno na nyumba za askari. Nyuma ya stesheni Matonya alisimama juu ya korongo kavu lililojaa miiba. Korongo lile lilipita chini ya reli, katika daraja dogo ambalo yeye mwenyewe alilibebea udongo, na lilitokea karibu na kisima.

"Ng'ombe atapita hapa?" aliuliza Mwantum.

"Mmoja mmoja, akiongozwa. Miiba ikifyekwa."

Mwantum aliteremka, akapita chini ya daraja akiwa amenyoosha mkono juu, na mkono wake haukugusa kitu. Akarudi amechanika kanga.

Barazani Akida Abbasi aliwasikiliza akiwa amekunja uso. "Karatasi imekwisha kupigwa muhuri," alisema. "Na wewe Matonya kazi yako ni kutangaza."

"Ndiyo, Bwana Akida. Nikitangaza, wananiuliza wapite wapi. Ninaona aibu."

"Na mimi ndiye niliyeshtaki," alisema Mwantum. "Nataka uwele wangu usalimike. Nikiuona unasalimika huku ng'ombe wa watu wanakufa kwa kiu, sitalala vizuri."

Akida aliwatazama kwa zamu. Mlalamikaji na shemeji wa mshtakiwa kusema jambo moja, hilo hakuwa amelizoea. Mwishowe aliomba viatu vyake, akaenda kulitazama korongo mwenyewe, kisha akaliandikia boma tena.

Boma halikufuta amri. Liliongeza mstari mmoja: mifugo itapita korongoni, na wenye mifugo watalisafisha. Ndahani alimaliza siku zake kumi zote, na mtamba wake alirudishwa amekonda. Hakumsamehe Matonya mara moja. Lakini siku ya kufyeka miiba alikuja na shoka, akafanya kazi karibu naye, na kufikia adhuhuri walikuwa wakigawana maji ya kibuyu kimoja.

Masika yalipoingia, korongo lilijaa maji, na njia ikafungwa. Safari hii Akida hakuandika kwanza. Alimtuma Matonya Kikuyu bila debe, akawaite wafugaji barazani waseme wanaonaje. Walikuja watu kumi na saba. Mwantum naye alikuja, akakaa mbele, na alikuwa na mengi ya kusema.