Mwenye Duka Aliyepokea Vipande

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mwenye duka wa jirani na shamba la mkonge, hapa Korogwe, alianza kupokea vipande. Mkata mkonge asiye na fedha aliacha kwake kipande, yaani kadi ya kazi inayogongwa mhuri kila siku, akachukua unga kwa mkopo hadi siku ya mshahara. Lakini bila kadi hakuna mhuri, na bila mhuri hakuna mshahara. Kwa hiyo kila alfajiri alifungua duka akipiga miayo, akaita majina na kuwarudishia wote kadi zao. Na kila jioni alizipokea tena, akizinyoosha pembe kwa kidole gumba chenye unga.

“Mzee, na nikitoroka nayo?” mkata mmoja, Laurenti, alimtania asubuhi moja.

“Kwa njaa hiyo utafika wapi?”

Jioni ile Laurenti hakurudi. Mwenye duka aliketi juu ya gunia, mlango ukiwa nusu wazi, hadi Stefania, mke wa Laurenti, alipofika na kadi. Mumewe alikuwa amejikata mguu kabla ya kugongewa mhuri.

“Shikamoo, mzee. Amesema nikuletee, hata kama hutatupa unga tena.”

“Marahaba, mama.” Aliinyoosha pembe, akaiweka mahali pake, kisha akapima unga kama siku zote.

Alfajiri iliyofuata, nikipita kwenda shuleni, nilimsikia akiita majina. Aliita na la Laurenti. Alisubiri kidogo, akapiga miayo, ndipo akaita jina lililofuata.