Siku Maji Yalipofuata Kitana

Enzi zile za kutelezea magome ya migomba kwenye miteremko ya Nyanga, hadi kaptula zinatoboka na mama zetu wanatufokea, hapakuwa na simu ya kuiuliza kitu. Ukishangaa, umeshangaa. Unalala na mshangao wako, unaamka nao. Watoto wa siku hizi wakikaa kidogo bila jibu hudhani wanaumwa.

Kiangazi kimoja dada yangu Koku alirudi likizo kutoka shule ya bweni huko Muleba. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, matoke na maharage yanatokota jikoni, nasi tumejipanga kunawa kwenye dumu lililotobolewa kwa msumari. Maji yalitoka membamba kama uzi. Koku akachana nywele zake kavu kwa kitana cha plastiki, haraka haraka, akakisogeza karibu na maji bila kuyagusa. Maji yakapinda! Yalikifuata kitana, na alipokiondoa yakanyooka tena.

Mama aliona. "Waitu, jamani! Umeyafanya nini maji?"

"Ni sayansi, mama. Mwalimu alituonyesha."

"Kwa nini yanapinda?"

"Kengele ililia kabla mwalimu hajaeleza," Koku akasema.

Jibu lile lilimtisha mama kuliko maji yenyewe. "Shule inayofundisha mambo isiyoyaeleza, hutarudi tena huko." Wala hakuwa anatania. Koku alilia, chakula hakukigusa. Baba, ambaye hakupenda ugomvi, akaenda kumwita katekista.

Mzee alikuja, akakaribishwa kahawa za kutafuna, kisha akaomba kitana. Akakisugua kwenye upara wake. Maji hayakutikisika. Mama akamgeukia Koku kwa hofu: kumbe mwenye uchawi ni yeye! Nami niliogopa, maana tulilala kitanda kimoja.

"Kisugue kwenye sweta lako, mzee," Koku akasema huku ana kwikwi.

Akasugua. Maji yakapinda. Mzee aliruka nyuma, almanusura aangukie kahawa, kisha akacheka hadi machozi. Baba akajaribu. Mwishowe mama mwenyewe, huku ananong'ona Salamu Maria. Yakapinda hata kwake.

"Mimi sielewi," katekista alisema. "Lakini kama ni dhambi, sasa ni yetu sote."

Mama akamrudishia Koku kitana. "Haya, nenda shule. Ila usirudi bila jibu."

Desemba Koku alirudi nalo: chaji hasi, chaji chanya, kuvutana. Tuliitikia kwa adabu, hatukuelewa hata kidogo. Alipotaka kutuonyesha, mvua ilikuwa inanyesha kila siku, na maji yakashuka wima tu. Akasema tatizo ni unyevunyevu hewani. Mama akaguna, "Kwa hiyo maji yanazuiwa na maji?" Tukachanganyikiwa upya. Lakini hakumwachisha shule. Leo Koku ni muuguzi, anaishi Buhembe, na ukimuuliza habari ile anacheka tu.

Juzi nilimwonyesha mwanangu maji yakifuata kitana. Akatazama mara moja. "Umeme tuli huo, baba," akasema, akarudi kwenye simu yake. Alikuwa sahihi. Sisi tulisimama pale uani hadi jua likazama, wakubwa kwa wadogo, kila mtu anamuuliza mwenzake na hakuna anayejua. Hata leo sielewi kwa nini naikumbuka siku ile kama sikukuu.