Radhi za Safari ya Bi Fauzia

Mtazame Bi Fauzia akiingia mtaani kwake Msambweni baada ya alasiri, mkoba kwapani, buibui limekunjamana kwa safari ya kutoka kazini Diani. Anakata kona ya nyumba yake, anaona viatu. Si viatu vya watu wawili watatu. Ni viatu vya mtaa mzima, vimezagaa mlangoni pake, na uani mikeka imetandikwa, na harufu ya iliki inatoka kwenye mahamri. Anajua watu hawa wamekuja kumwombea dua ya safari. Anajua pia kwamba safari wanayoiombea siyo.

Tukae kidogo hapo mlangoni, nikueleze.

Bi Fauzia ni mtu wa dobi. Tangu usichana wake amefanya kazi kwenye dobi ya hoteli moja kubwa ya Diani. Mashuka huingia yamejaa mchanga na mafuta ya kujipaka juani, yakatoka meupe, yamenyooka, yamekunjwa kona kwa kona. Amekunja mashuka ya watu wa kila taifa, na hata moja hajalilalia. Nyumbani kitanda hutandika yeye. Hata akiwa na homa hutandika yeye, kisha ndipo alale. Haja yake ilikuwa ndogo: alale juu ya kitanda kilichotandikwa na mtu mwengine, na asubuhi ainuke akiache vivyo hivyo.

Mwanawe Warda, muuguzi huko Dubai, aliijua haja hiyo. Siku moja akapiga simu.

"Mama, nishalipa. Wewe na Baba. Ni hoteli ya ufukweni huko Misri, Bahari ya Shamu. Ukishalipa mara moja ndiyo basi: chumba, chakula, vinywaji, mpaka mwavuli wa ufukweni, hutoi tena kitu."

Kule dobini mwenzake Rispah, mtu wa bara, alicheka mpaka akaegemea mashine. "Wee mama Warda, unatoka hoteli unaenda hoteli? Kwani bahari ya hapa imekauka?"

"Ya hapa naipigia pasi," akajibu Fauzia. "Ile naenda kuilalia."

Sasa, kwetu huku mtu hapandi ndege hivi hivi. Hupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi: kama nilikukosea, nisamehe, kwani kwenda ni kwangu, kurudi ni kwa Mungu. Mumewe, Luqman, akaifanya kazi hiyo peke yake. Lakini Luqman ni mtu wa haya. Kusema kwamba yeye, mwenye mvi kichwani, anakwenda kulala hotelini na mkewe, ulimi ulimwia mzito. Kila alipoulizwa, "Mwaelekea Arabuni?" alijibu, "Upande huo huo, inshallah," akaaga haraka.

Basi. Mume na mke, ndege, Arabuni, radhi. Nani angefikiria mwavuli wa ufukweni? Mtaa mzima ukajua kwamba Bi Fauzia anakwenda Umra.

Naye mwenyewe alilijua hilo jikoni, alipoingia jirani yake, Bi Mwanasha. Mtoto wa Bi Mwanasha, Nassir, alikuwa mkwezi. Alianguka kutoka mnazini, na tangu hapo miguu haimtii.

"Mwanangu, sikuja kwa maneno mengi," alisema yule mama. "Mkifika Makka, ukiiona ile Nyumba kwa macho yako, mtaje Nassir. Sema, Nassir wa Mwanasha. Useme kwa sauti."

Fauzia alikuwa na mwiko mkononi. Alitaka kusema. Tui likaanza kufura, akageuka kulikoroga, na alipomgeukia tena, Bi Mwanasha alikuwa akilia, na uso wake umechangamka kama ambavyo haujachangamka tangu ajali.

"Inshallah, mama," akasema Fauzia. Akarudi kukoroga tui.

Luqman alipoambiwa alijikuna kidevu. "Kwani ukimwombea ukiwa Misri, Mungu hasikii? Nyamaza. Tutarudi, hakuna atakayeuliza."

"Wataomba maji ya zamzam."

"Tutasema yamekwisha."

"Luqman."

Luqman akachukua kofia yake, akatoka.

Haya, turudi mlangoni. Bi Fauzia amevua viatu, amepita katikati ya watu, shikamoo huku, marahaba kule. Kwenye kiti cha plastiki, mbele kabisa, ameketishwa Nassir. Wamembeba kuja naye. Mamake yuko mkekani, bega lake limeegemea goti la mwanawe.

Maalim Chirau, imamu wa mtaa, akainua mikono. "Tuwaombee ndugu zetu hawa, wageni wa Mwenyezi Mungu, wanaokwenda kuizuru Nyumba yake..."

Luqman, aliyekuwa ukutani, alimtazama mkewe akatikisa kichwa kidogo. Usiseme.

"Maalim, niwie radhi," alisema Fauzia. "Shusha mikono. Hatwendi Makka. Twaenda Misri, hotelini, kupumzika. Mwanangu ametulipia."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Hotelini? Kwani za Diani zimejaa?" Wachache wakacheka, wakakatiza, kwa kuwa Bi Mwanasha hakucheka.

"Ulisema inshallah," alisema Bi Mwanasha.

"Nilisema. Nisamehe, mama."

"Radhi nilishaitoa mumeo alipopita. Sasa nakuuliza jengine. Hiyo safari haibadiliki? Ndege si zaelekea huko huko?"

"Mama," Nassir akasema, "mwache mtu akapumzike."

"Wewe nyamaza, sisemi nawe."

Fauzia akatoa simu, akampigia Warda hapo hapo, watu wote wakisikia. Akamweleza.

"Hoteli wanakubali kufuta mpaka kesho," alisema Warda. "Umra itawezekana kwa pesa hizo hizo, Mama. Ila hii ya kupumzika sitaiweza mara ya pili. Nayo ilikuwa yako. Sema wewe, nami nitafanya."

Simu ikakatwa. Luqman anatazama vidole vya miguu yake. Maalim Chirau ameweka mikono magotini, anangoja ajue dua ipi aisome. Bi Mwanasha ameushika mkono wa mwanawe, na macho yake hayamtoki Fauzia.

Bi Fauzia anafungua kinywa. Nawe uliyekaa nasi hapa mkekani, ungekuwa wewe ndiye Fauzia, ungemjibu nini Bi Mwanasha?