Mlenda wa Walio Zamu

Juzi nilipanga foleni ya kutuma vifurushi pale stendi ya Dodoma. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa kijiji cha Haneti, anamtumia binti yake, askari wa majini, mfuko mkubwa wa mlenda mkavu, ile mboga yetu ya kuteleza.

"Shikamoo mama. Huu wote ataumaliza?" karani akauliza.

"Marahaba. Si wake peke yake. Wako doria kwenye meli moja na wenzao wa Kenya na Msumbiji, wanazuia magaidi."

"Na hao wageni mlenda wanaujua?"

"Watauzoea." Akaupigapiga mfuko taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Mwanangu akilala, wao ndio wanaokesha. Sasa nimlishe yeye tu?"

Karani alichukua selotepu, akauzungushia mfuko mara ya pili bila kuombwa.

Mimi nilikuwa natoka kwenye semina ya ushirikiano wa ulinzi wa bahari, hapa hapa mjini kwetu, ambako bahari tunaiona kwenye ramani. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Usingizi wa mtoto wa watu haukutajwa hata mara moja.