Mama Anayenusa Vidole

Kilabuni kwake, pembeni mwa Songea mjini, mama muuza komoni, pombe ya kienyeji, hammiminii mtu hata kikombe kimoja kabla hajamnusa vidole. Huvishika kwa mkono wake mpana wenye unga wa kimea, akavisogeza puani taratibu kama anayechagua dagaa sokoni. Asiyekula huwekewa kwanza ugali na maharage, na aliyeshiba huwa hana haraka na kikombe. Imaculata hakuyajua hayo. Masika haya mtaa wao ulizika wanaume wawili waliokunywa kutwa bila kutia kitu tumboni, na mumewe, Anselmo, alikuwa akinywa vilevile. Jumamosi akamfuata kilabuni, amejaa matusi ya muuza pombe kifuani. Alipofika mlangoni, mama alikuwa anamhoji Anselmo.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Samaki."

Mama akanusa. "Samaki gani huyu ananuka oili ya pikipiki? Kaa chini, mwongo we!"

Wanywaji wakaangua kicheko. Anselmo akakaa, sahani ikaja. Imaculata akayameza matusi yake. "Shikamoo, mama. Asante," akasema, kisha akachukua jagi la maji, akamnawisha mumewe mikono.