Damu Kumi na Moja za Molo

Mwaka wa 1957 nilikuwa naosha chupa katika maabara moja mjini Nakuru, na nilikaa chumba kimoja na Wamalwa, kijana kutoka Uganda, upande wa Mbale. Kuishi naye kulikuwa taabu tupu. Alikula amesimama. Alihesabu siku kwa mkaa ukutani, ukuta ambao mimi ndiye niliyeupaka chokaa.

Sikumlaumu sana. Chuo kimoja cha udaktari kule kwao kilikuwa kimemwekea nafasi kwa sharti moja: ripoti yake ya utafiti ifike kabla ya Juni kwisha. Ikichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Basi ilikuwa lazima iondoke na treni ya Alhamisi ya mwisho ya Juni.

Alichunguza homa ya maziwa, ile inayowapata wakamuaji kutoka kwa ng'ombe. Mwezi wa Machi alipima damu za wakamuaji arobaini katika shamba la mzungu mmoja kule Molo, akakuta kumi na watatu wanaugua, akawapa vidonge vipya. Wawili kati yao waliacha kazi, akaambiwa. Juni akarudi kuwapima kumi na mmoja waliobaki, na Jumatatu majibu yakatoka: wote safi.

Alinikumbatia na chupa zangu mkononi. Kisha akaanza kuzunguka meza. Aliyeugua homa hii hata akipona, alisema, damu yake hubaki na dalili kwa miezi mingi. Hizi zilikuwa kama za watu wasiowahi kuumwa. Nikamwambia labda dawa ni kali, maana nilitaka amani.

Jumanne asubuhi tulipanda lori la viazi lililokuwa likirudi Molo tupu. Tulimkuta Mugure, wa kwanza katika orodha, amejikunyata kando ya moto na blanketi mbili, anatetemeka huku jasho likimtoka. Wamalwa akamuuliza ni damu ya nani iliyotolewa wiki iliyopita. Dada yake aitwaye Wangu, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, alipandisha mkono wa sweta, tukaona alama ya sindano.

Ikatoka polepole. Machi, kwa haraka zake, Wamalwa alimwachia karani wa shamba majina ya wagonjwa. Wale wawili hawakuacha kazi. Walifukuzwa, nyumba zao zikabomolewa, wakarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika, ambako hawakuwa na hata pa kupanda maharagwe. Wengine wakaambiwa wangoje kipimo cha Juni. Basi wakaelewana: kila mgonjwa atume ndugu yake mzima akatolewe damu kwa jina lake, maana daktari huyu hakutazama nyuso. Vidonge walikuwa wamevimeza vyote, homa ikatulia, ikarudi.

"Ukiandika ukweli, tunahama," Mugure alisema. "Ukiandika uwongo, nabaki na homa. Chagua wewe, daktari. Mara ya kwanza hukutuuliza."

Wamalwa alikaa chini. Sikuwahi kumwona ameketi mbele ya mgonjwa. Alisema, "Mama, nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Mimi, kusema kweli, nilimshauri vibaya. Nilimwambia apeleke zile damu safi, apate udaktari kwanza, halafu aje awatibu vizuri. Alinitazama mpaka nikaona haya.

Siku ileile aliwatoa damu wote kumi na mmoja, kila chupa ikiwa na namba bila jina. Kupima kulihitaji siku mbili. Alhamisi tukasikia treni ikipiga honi na kuondoka, naye ameinama juu ya chupa zake, mguu mmoja unagonga sakafu bila kukoma. Wanane walikuwa bado wagonjwa. Aliandika hivyo, akaandika pia kwamba vidonge vile havikutosha, vitolewe kwa muda mrefu zaidi. Karani alipotuma mtu kuchukua majina, alipewa karatasi ya namba.

Ripoti ilifika imechelewa siku tano. Julai jibu likaja. Walimsifu kwa kazi ya uangalifu, wakasikitika kwamba nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akavuta mkebe wa dawa na kuanza kuhesabu vidonge vya Mugure vya wiki sita. Nililia mimi. Yeye alinyoosha kiganja kunizuia, ili asipoteze hesabu.